Kemia kwanza, mashine baadaye: hotuba kwa watu wa maabara na watu wa samaki, Tanga

Waliokosa kikao cha Jumamosi mmenipigia simu sana, haya hotuba hii hapa yote, nimeiandika kama nilivyoongea. Slaidi nimeziacha, zilikuwa michoro tu na kila nilichochora nilikisema pia kwa mdomo.

Assalam aleykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni.

Wenzangu wa maabara, wadogo zangu wanafunzi, na nyie ndugu zetu wa samaki mliotoka soko la samaki la Deep Sea mkaacha mzigo asubuhi yote hii mkaja kukaa na sisi, karibuni sana. Najua kuna mtu anajiuliza, mimi muuza vibua nimeitwa kwenye kikao cha maabara kufanya nini? Subiri kidogo, tukifika kwenye histamini utajua kwanini umeitwa.

Kila tukikutana watu wa maabara wimbo ni uleule, hatuna mashine. Hatuna masi spektrometa ya kupimia uzito wa molekuli, hatuna hiki, hatuna kile, sampuli inasafirishwa mbali, majibu yanakuja mgonjwa keshakata tamaa. Ni kweli, siwapingi, mashine tunazihitaji na tuendelee kuzidai. Lakini kuna jambo linaniuma na leo nalisema. Kwenye hizi amini za kibayojeni jibu linapona au linakufa ndani ya tyubu, mkononi mwako wewe, kabla mashine yoyote haijawashwa. Kemia kwanza, mashine baadaye. Mtanisikia nalirudia hili mpaka mchoke.

Amini zenyewe ni nini? Ni molekuli ndogondogo ambazo mwili unazitengeneza kutoka kwenye amino asidi kwa kuondoa kaboni dayoksaidi, na zingine zinapitia hatua moja mbili za ziada. Histidini inakuwa histamini. Tairosini inaenda mpaka inakuwa dopamini, alafu noradrenalini, alafu adrenalini. Triptofani inaishia kuwa serotonini. Umeshtuka moyo ukaenda mbio, hiyo ni adrenalini. Umeumwa na nyuki pakavimba pakawasha, histamini ipo kazini hapo.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba ni chache mno na hazionekani. Adrenalini ya mtu aliyelala ametulia, kwenye mililita moja ya plazma, yale maji ya damu ambayo haijaganda, unakuta pikogramu makumi tu, na pikogramu moja ni gramu moja uigawe mara trilioni. Alafu ni ndogo na zinapenda maji, kwahiyo ukiziingiza kwenye kolamu ya kawaida ya HPLC, ule mrija wa kutenganisha kemikali, hazishiki, zinapita moja kwa moja pamoja na chumvi na takataka zote za mwanzo. Alafu histamini haifyonzi mwanga wa maana wala yenyewe haing'ai. Utaionaje?

Nani hapa kaendesha gari usiku barabara ya Pangani akakuta mtu anatembea pembeni kavaa nguo nyeusi? Humuoni mpaka umfikie. Mvishe koti la riflekta, mtu yuleyule, taa za gari zilezile, unamuona toka mbali. Derivatizesheni ndo hiyo. Tunachukua kemikali inayoshika kwenye naitrojeni ya amini, tunaivisha amini, na ikishavaa inang'aa, inakuwa kubwa, inashika kwenye kolamu, na kwenye masi spektrometa inapokea chaji vizuri zaidi. Mashine hujabadilisha. Umebadilisha vazi.

Na asije mtu akawaambia hii ni mbinu ya wasio na hela. Naomba niwape kisa cha Arvid Carlsson, mwanasayansi wa Uswidi.

Miaka ya 1950 wakubwa wa fani waliamini dopamini ni kituo cha njiani tu, mwili unapita hapo kwenda kutengeneza noradrenalini, basi, yenyewe haina kazi. Carlsson alikuwa Lund, kule Uswidi. Alikuwa amekaa Marekani kwenye maabara ya Bernard Brodie, na huko alikutana na chombo kipya cha kupima mng'ao alichokibuni Robert Bowman. Mwaka 1957 yeye na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa inayotoka kwenye mmea wa Rauwolfia, sungura wakatulia chini kimya, hawajongei. Wakawachoma L-dopa, malighafi ambayo mwili unaigeuza dopamini, sungura wakaamka! Lakini walipopima noradrenalini kwenye ubongo wakakuta haijarudi. Sasa nini kimewaamsha?

Nawauliza nyie wanafunzi, swali kama hilo unalijibuje kama dopamini yenyewe huwezi kuipima? Hulijibu. Utabaki kubishana kwa mdomo. Basi wakatengeneza njia, dopamini ukiioksidisha kwa ayodini inageuka kitu kingine kinachong'aa, na kile chombo kinakiona. Mwaka 1958 wakaonyesha dopamini ipo kwenye ubongo wenyewe, reserpini inaimaliza, L-dopa inairudisha. Na bado watu walibisha jamani, kwenye mkutano wa London mwaka 1960 hawakumkubali. Mwaka huohuo wa 1960, Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walipima ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa wa Parkinson wakakuta dopamini imepungua vibaya sana. L-dopa ndo dawa ya ugonjwa huo mpaka leo. Carlsson alipewa Nobel mwaka 2000.

Angalieni, swali lilikuwepo, sungura walikuwepo, dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mmenyuko mmoja ndani ya tyubu. Na hapohapo Lund mwaka 1962 Falck na Hillarp wakaja na lao, wanachukua tishu iliyokaushwa wanaiweka kwenye mvuke wa formaldehaidi wa moto, dopamini na noradrenalini zinang'aa kijani, serotonini inang'aa njano, unaangalia kwenye hadubini unaona kabisa neva ipi imebeba nini. Mimi nikiifikiria hiyo mpaka leo nasisimka. Formaldehaidi! Kitu ambacho kipo kwenye kila mochwari. Kemia kwanza.

Haya, ndugu zangu wa samaki, zamu yenu.

Hii mnaijua. Familia imekula jodari mchana, nusu saa haijaisha mmoja uso mwekundu, kichwa kinagonga, midomo inawasha, moyo unaenda mbio, mwingine anaharisha. Majirani wanakuja, huyu anasema mzio wa samaki, yule anasema wamelishwa kitu. Muuzaji anatafutwa, mpishi anaonewa. Na ukiuliza vizuri unaambiwa samaki alikuwa mzuri tu, hanuki, nyama imekaza. Imetokea nini?

Jodari, nguru, vibua, hawa nyama yao ina histidini nyingi. Samaki akishakufa akakaa juani kwenye chombo bila barafu, bakteria wanaichukua ile histidini wanaigeuza histamini, na kwa joto letu hili la Tanga haihitaji siku nzima. Alafu sikilizeni hapa vizuri mama zangu wakaangaji: histamini haifi kwa moto. Ukaange, uchemshe, uoke, uweke kwenye kopo, ipo palepale. Na kumgandisha samaki ambaye keshaharibika hakuiondoi. Dawa ni barafu mapema, toka samaki anapotoka majini, hapana nyingine. Kodeksi ya vyakula ya kimataifa imeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo, na soko la Ulaya wanachukua sampuli 9 kwa mzigo wa samaki wa aina hii na wastani wake usizidi 100. Kwahiyo ukisikia mzigo umekataliwa huko nje ujue kuna mtu kaupima.

Kaupimaje? Hapa ndo nawaunganisha na wenzangu wa maabara. Mwaka 1959 Shore, Burkhalter na Cohn walionyesha kwamba histamini ukiiweka kwenye alkali kali na kitendanishi, yaani kemikali ya kuivisha, kinachoitwa OPA (orthofthalaldehaidi) inang'aa, na wao walikuwa wanahangaika na tishu za mwili wala hawakuwa na habari ya samaki. Njia rasmi ya AOAC, chama cha kimataifa cha njia za uchambuzi, ya kupima histamini kwenye samaki, namba 977.13, imesimama juu ya kemia hiyohiyo. Unatoa histamini kwenye nyama kwa methanoli, unasafisha kwenye kolamu ndogo ya kubadilisha ioni, unatia alkali, unatia OPA, unasubiri dakika 4, unasimamisha kwa asidi fosforiki, unasoma mng'ao. Hakuna masi spektrometa humo. Kuna fluorimita, chombo cha kupima mng'ao, na saa ya ukutani.

Na nikisema dakika 4 ni 4. Kwenye mafunzo fulani nilisimama nyuma ya kijana mmoja, mkono wake mzuri sana, pipeti anaishika vizuri, akaweka OPA kwenye tyubu zote kumi na mbili kwa mkupuo, simu ikaita, akapokea, akaongea kidogo tu, akarudi kuweka asidi tyubu moja moja. Tyubu ya kwanza na ya mwisho zilikuwa sampuli ileile, alizirudia makusudi kujikagua, na zilisoma tofauti kabisa. Alikuwa tayari kulaumu chombo. Chombo kilikuwa kinasema ukweli, kila tyubu ilikuwa imepata muda wake. Tangu siku hiyo nafundisha hivi: weka kitendanishi kwa zamu, kila baada ya sekunde 30 tyubu moja, alafu simamisha kwa zamu ileile na kwa nafasi ileile, simu ikae kwenye begi.

Sasa tukiingia kwenye damu na mkojo, swali la kwanza ni vazi gani. OPA ukiichanganya na merkaptoethanoli inashika amini ndani ya dakika moja mbili, haraka sana, na yenyewe haing'ai mpaka ishike kwahiyo mandharinyuma ni safi. Ubaya wake ni kwamba vazi hilo linapauka, dakika zinavyoenda mng'ao unashuka, kwahiyo kila sampuli lazima iingie kwenye HPLC baada ya muda uleule. Na ubaya wa pili watu wanausahau: OPA inashika amini za msingi tu, yaani zile ambazo naitrojeni yake imeshikwa na kaboni moja tu. Adrenalini ina kikundi cha methili kwenye naitrojeni yake, ni amini ya pili, OPA inaipita kama haipo. Umepima noradrenalini, umepima dopamini, adrenalini unaandika sifuri na mgonjwa anayo tele! Nani wa kulaumiwa hapo, mashine?

Ukitaka zote uende kwenye dansili kloridi, inashika ya msingi na ya pili, na hata haidroksili za fenoli (vile vikundi vya oksijeni na haidrojeni) inazivaa. Lakini ni ya polepole, unaipasha nyuzi 40 mpaka 60 kwa nusu saa mpaka saa nzima, gizani, funga tyubu na foili, alafu mwishoni unatia prolini au amonia kidogo ili kile kitendanishi kilichobaki kiishe kisije kikakuharibia kromatogramu. Na kwa wale wenye bahati ya masi spektrometa kuna benzoili kloridi, hii dakika chache kwenye joto la chumba imemaliza. Dopamini inavaa benzoili tatu, moja kwenye naitrojeni na mbili kwenye zile haidroksili, kutoka uzito wa 153 inafika 465, imetoka kabisa kwenye vurugu la takataka nyepesi. Na kinachonifurahisha zaidi, unanunua benzoili kloridi yenye kaboni 13, ile kaboni nzito kidogo, unavisha sampuli kwa ya kawaida na stendadi (amini safi ya kiwango unachokijua) kwa ya kaboni 13, unachanganya, kila amini inapata mwenzake wa kulinganishwa naye bila kununua stendadi ghali moja moja. Ila ifanyieni kazi ndani ya hudi, lile kabati la kunyonya hewa, mvuke wake unachoma macho na kifua, nawaomba sana wadogo zangu, afya yako hairudishwi na jibu la maabara.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe hasa, na hapa nitakaa.

Vazi linashika naitrojeni pale tu naitrojeni iko wazi. Kwenye asidi naitrojeni imebeba protoni, imefunga mlango, kitendanishi kinagonga hakifunguliwi. Kwahiyo tunafanya mmenyuko kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya boreti au kaboneti, pH 9 mpaka 10. Sawa? Lakini dopamini, noradrenalini na adrenalini kwenye alkali zinaoksidika, zinaharibika mbele ya macho yako, unaona maji yanaanza rangi ya waridi, kisha kahawia. Yaani pH ile ile inayokusaidia ndiyo inayokuibia. Utafanyaje? Unaiweka sampuli kwenye asidi muda wote mpaka sekunde ya mwisho, unatia asidi askobiki au sodiamu metabisulfaiti ya kuilinda, kitendanishi unacho tayari kwenye pipeti, alafu ndo unatia bafa na kitendanishi kwa kufuatana, hapohapo. Hutii bafa kwenye tyubu ishirini ukaenda kunywa chai.

Na hiyo inaanza mbali kabla ya maabara. Kuna mama mmoja, simtaji wala hospitali siitaji, presha yake inapanda ghafla, jasho linamtoka, anatetemeka, kichwa kinauma, baada ya muda inashuka mwenyewe anakuwa mzima. Daktari akahisi uvimbe kwenye tezi ya adrenali, ile ya juu ya figo inayomwaga adrenalini, hisia nzuri kabisa ya daktari makini. Akaagizwa akusanye mkojo wa saa 24. Mama wa watu akapewa dumu tupu, akaambiwa kusanya. Hakuna aliyemwambia liwe na asidi ndani, hakuna aliyemwambia liwekwe mahali pa baridi. Dumu likakaa uani, siku ya jua la Tanga mnalolijua. Likaja maabara, likasafirishwa, likapimwa kwenye mashine nzuri kuliko zote tulizonazo sisi humu ukumbini, jibu likarudi kawaida. Na mama akaendelea kuanguka.

Ilibidi arudie upya, dumu lenye asidi ya haidrokloriki, pH chini ya 4, kwenye kasha la barafu. Jibu lilikuwa juu mno. Sasa niambieni, ile mashine ya kwanza ilikosa nini? Haikukosa kitu. Ilipima kile ilichopewa.

Damu nayo hivyohivyo. Mgonjwa alale dakika 20 mpaka 30 kabla hujamtoa damu ya adrenalini na noradrenalini, maana kule kusimama tu kunaweza kuipandisha noradrenalini mara mbili. Tyubu iliyopoa yenye EDTA ya kuzuia damu isigande, kwenye barafu, sentrifyuji ya baridi, plazma inatengwa, protini zinaangushwa kwa asidi pakloriki, friza. Serotonini ndo ina vituko kabisa, karibu yote ya kwenye damu imo ndani ya chembe sahani, ukiiacha damu igande chembe zinapasuka zinaimwaga, kwahiyo seramu (maji ya damu iliyoganda) na plazma ya mgonjwa mmoja zinakupa namba mbili zisizofanana hata kidogo, na kwenye fomu unakuta mtu kaandika "damu" basi. Mkojo wa histamini ukikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza histamini humohumo, kazi ileile wanayoifanya kwenye jodari wenu. Na mgonjwa anayepimwa mabaki ya serotonini kwenye mkojo akila ndizi mbivu, nanasi au parachichi kabla ya kipimo majibu yanapanda bila ugonjwa, na nani Tanga hali ndizi na nanasi? Muulizeni. Mwandikieni kwenye karatasi, mwambieni na anayempikia.

La mwisho ni la kwetu sisi watu wa pwani, vitabu vyenyewe vimeandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa kavu. Dansili kloridi na benzoili kloridi ni maadui wa maji. Unyevu ukiingia kwenye chupa kitendanishi kinakufa taratibu, dansili kloridi inageuka asidi ya dansili, kwa macho ni unga uleule, lebo ileile, tarehe haijapita. Fungua jokofu, toa chupa ya baridi, ifungue hapohapo kwa hewa hii yetu, angalia shingo ya chupa uone umande unavyojiweka. Umeshaingiza maji. Iache ifike joto la chumba ndani ya mfuko wake uliofungwa na silika jeli, ndo uifungue. Ukinunua, igawe kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza, kila kimoja cha kazi moja. Na kila siku endesha tyubu isiyo na sampuli, na tyubu yenye stendadi ya kiwango unachokijua. Stendadi ikishuka leo, usitoe jibu la mgonjwa leo.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Tuanze na histamini, tusisubiri mtu. Mimi nitaandaa mkojo mmoja wa mchanganyiko, nitautia asidi, nitaugawa, kila maabara iliyopo hapa ichukue vichupa vyake ikapime kwa OPA kwa muda iliouandika, na kikao kijacho tuweke namba zetu ukutani bila kuoneana haya, tuone nani yuko wapi na kwanini. Ndugu zetu wa Deep Sea, nawaomba vipande vya jodari na vibua, viandikwe saa ya kuvuliwa na saa ya kutiwa barafu, jina la muuzaji sitaki, saa tu. Methanoli ipo, OPA ipo. Friza ndo sina uhakika nayo umeme ukikatika, kwahiyo mwenye friza yenye jenereta aniandikie jina kabla hajatoka.

Haya, maswali. Dada pale nyuma nimekuona, anza wewe.